Runinga ya Mbio za Magari Ipimwe kwa Saa ya Katikati

Mbio za NASCAR zinapomalizika Jumapili jioni huko Marekani, hukumu juu ya namna zilivyoonyeshwa hutolewa papo hapo, na mara nyingi hutolewa kwa kipimo kisicho sahihi. Magari matatu yakivuka mstari bega kwa bega, kituo cha runinga husifiwa. Dereva mmoja akiwaacha wenzake mbali na kushinda peke yake, kituo hicho hicho hulaumiwa. Februari 2024 pale Atlanta, Daniel Suárez alimshinda Ryan Blaney kwa sekunde 0.003, huku Kyle Busch akiwa ubavuni mwao. Mei ya mwaka huo huo pale Kansas, Kyle Larson alimshinda Chris Buescher kwa sekunde 0.001, tofauti ndogo kuliko zote katika historia ya mashindano makuu ya NASCAR. Kwa miisho ya namna hiyo, kamera moja tu iliyoelekezwa kwenye mstari ingetosha kumwinua mtu kitini, na sifa ni ya madereva. Nashikilia kwamba ubora wa utangazaji hauonekani hapo. Unaonekana katika saa ya katikati, pale ambapo hakuna ajali, hakuna bendera ya manjano ya tahadhari, magari yametawanyika, na mtazamaji hawezi kujua kinachoendelea ila aonyeshwe na aelezwe. Swali la kuuliza wakati huo ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: je, aliyekaa mbele ya runinga anajua kwa nini kila gari muhimu liko pale lilipo?

Kwa msomaji aliyezoea Safari Rally, iliyorejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kuwekwa Naivasha, tofauti moja ni lazima ieleweke kwanza. Katika rali magari huachiwa moja baada ya jingine na mshindani mkuu ni saa. Ukiwa na orodha ya muda mkononi, hali umeshaijua. NASCAR huachia magari yote kwa pamoja, kwa kawaida 36 hadi 40, kwenye viwanja ambavyo vingi ni vya duara refu. Mzunguko mmoja wa Martinsville, Virginia, haufiki hata kilomita moja. Wa Talladega, Alabama, unapita nne. Daytona 500 ni mizunguko 200, takriban kilomita 800, na Coca-Cola 600 ya Charlotte inakaribia kilomita 965. Katika safari yote hiyo magari hupishana, mengine huachwa nyuma kwa mzunguko mzima, na kila moja huingia kwa mafundi kubadilisha matairi na kujaza mafuta kwa wakati wake. Macho peke yake hupotea. Gari linaloonekana mbele kwenye picha huenda ni la 28 kwa nafasi, na lile lililoandikwa la 20 kwenye orodha huenda ndilo litakalotwaa kombe.

Historia ya mchezo huu kwenye runinga yenyewe inatoa ushahidi. Kwa miaka mingi Wamarekani walionyeshwa mbio hizi vipande vipande, au kwa mkanda uliokatwakatwa na kurushwa baadaye. Februari 18, 1979, CBS ilionyesha Daytona 500 nzima mubashara, kuanzia bendera ya kwanza hadi ya mwisho, siku ambayo theluji nzito ilikuwa imewafungia majumbani watu wengi wa majimbo ya mashariki. Kila anayeisimulia siku hiyo hukimbilia mwisho wake: Cale Yarborough na Donnie Allison wakigongana katika mzunguko wa mwisho, Richard Petty akipita na kushinda, kisha Yarborough na ndugu wawili wa familia ya Allison wakipigana nyasini. Hayo ni kweli. Lakini jiulize Yarborough alifikaje hapo. Mapema katika mbio alikuwa amepoteza mizunguko kadhaa katika ajali iliyomhusisha yeye na ndugu hao hao, akatumia sehemu kubwa ya mchana kuirudisha mmoja baada ya mwingine, hadi akawa wa pili akimwandama Donnie. Anayeyajua hayo huielewa hasira ya nyasini. Asiyeyajua huona watu wazima wakirushiana makonde tu. Ushindi wa CBS siku ile haukuwa kulinasa pambano la ngumi. Ilikuwapo kwa saa zote zilizolizaa.

Sasa tazama saa ya katikati inavyokwenda. Matairi huchakaa, na kwenye uwanja kama Darlington, South Carolina, wenye lami inayoyala matairi kwa kasi, gari lenye matairi mapya hulipita lenye matairi ya zamani kana kwamba limesimama. Fundi mkuu wa timu anayemwita dereva wake mizunguko michache kabla ya mpinzani anamnunulia muda: wakati mpinzani bado anaburuza matairi yaliyokwisha, yeye anaokota sekunde katika kila mzunguko. Lakini kwa dakika zile zote orodha ya nafasi iliyo pembeni ya skrini haisemi kweli. Aliyeingia kwa mafundi anaonekana wa 22, ambaye hajaingia anaonekana wa kwanza, na mtazamaji asiyeelezwa hudhani mambo yamepinduka. Utangazaji mzuri hufanya kazi yake hapa. Huweka alama kwenye orodha kuonyesha nani ameshaingia na nani bado, hupiga hesabu ya pengo la kweli kati ya wapinzani wawili ambao kwenye picha wanaonekana mbalimbali, kisha huipeleka kamera kwa yule anayeokota sekunde na kumwacha anayeongoza kwa jina tu. Utangazaji mbaya humfuata kiongozi wa jina akizunguka peke yake, au huenda kwenye biashara, kisha hurudi na kututangazia kiongozi mpya kama aliyeshuka kutoka mawinguni. Takwimu zipo. Tangu mwaka 2001 magari haya yamekuwa yakifuatwa na mitambo ya satelaiti iliyowezesha majina na kasi kuandikwa juu ya gari linalokwenda, kazi ya kampuni ya Sportvision, ile ile iliyowaletea watazamaji wa kandanda ya Kimarekani mstari wa manjano mwaka 1998. Kinachopungua ni uamuzi wa kuzitumia takwimu hizo kueleza jambo.

Viwanja vikubwa vya Daytona na Talladega vinatoa mtihani mgumu zaidi, kwa sababu huko picha yenyewe inaweza kudanganya. Tangu gari la kizazi kipya lianze kutumika mwaka 2022, kila gurudumu hufungwa kwa nati moja badala ya tano, na kubadilisha matairi kumekuwa kwepesi kiasi kwamba mara nyingi kinachochelewesha gari kwa mafundi ni kujaza mafuta. Matokeo yake ni kwamba dereva anayetumia mafuta kidogo anasimama kwa muda mfupi zaidi na kutoka mbele ya wenzake, na kwa kuwa kupita ndani ya kundi ni kazi ngumu, nafasi hiyo ina thamani kubwa. Ndiyo maana madereva hupunguza mwendo kwa makusudi mizunguko mingi mfululizo, wakiwa wamejipanga safu mbili au tatu, gari ubavuni mwa gari. Kwenye runinga mandhari hiyo inavutia sana na haitofautiani na vita vya kweli. Mtangazaji anayepaza sauti kana kwamba kila mmoja anapigania uongozi, ilhali madereva wote wanabana mafuta, anamdanganya mtazamaji, hata kama kila neno alilosema ni sahihi. Anayesema wazi kwamba kwa sasa hakuna anayekimbia kwa nguvu zake zote, na akaeleza nani amebana zaidi na faida yake itaonekana lini, amempa mtazamaji sababu ya kukaa. Juni 2025 pale Michigan, Denny Hamlin alimpita William Byron mizunguko michache kabla ya mwisho, na Byron akaishiwa mafuta kabisa. Mwisho huo ulikuwa ukiandikwa ndani ya matangi kwa muda mrefu kabla haujaonekana barabarani.

Martinsville inatupa mifano miwili ambayo kila mwongozaji wa matangazo angepaswa kuitazama tena kabla ya msimu kuanza. Oktoba 30, 2022, Christopher Bell alishinda pale, lakini mbio zinazokumbukwa si zake. Ross Chastain alikuwa wa 10, akihitaji pointi chache tu kumtoa Denny Hamlin kwenye nafasi ya kuwania ubingwa. Katika kona za mwisho alibamiza gari ukutani, akakanyaga mafuta bila kuachia, na ukuta ukambeba hadi nafasi ya tano. Asiyejua hesabu ya pointi angeona gari lililoshindwa kukata kona. Miaka miwili baadaye, Novemba 3, 2024, Ryan Blaney alishinda kwenye uwanja huo huo, na kwa mara nyingine jambo kubwa lilikuwa nyuma yake. William Byron alikuwa akilindwa na magari mawili ya Chevrolet, la Chastain na la Austin Dillon, yaliyokaa nyuma yake bila kujaribu kumpita. Bubba Wallace wa Toyota alipunguza mwendo, na Bell, mwenzake wa Toyota, akampita na kupata pointi aliyoihitaji. Bell naye aliuegemea ukuta, akahukumiwa kuvunja kanuni ya usalama, na nafasi ya kuwania ubingwa ikaenda kwa Byron. Siku chache baadaye timu za Chastain, Dillon na Wallace zilipewa adhabu nzito. Ushahidi mkubwa wa kesi hiyo ulikuwa kwenye redio za timu, mazungumzo kati ya dereva, mafundi na mwangalizi anayekaa juu ya jukwaa, mazungumzo ambayo yeyote mwenye kifaa cha kunasa masafa uwanjani angeweza kuyasikia. Kituo kinachomweka mtu wa kusikiliza redio hizo mchana kutwa, na kumpa nafasi ya kusema anachosikia, kina habari. Kinachozitumia kuchombeza tu, matusi ya dereva aliyekasirika yakifutwa kwa mlio, kimeacha dhahabu mchangani.

Hata siku nzito kuliko zote katika utangazaji wa mchezo huu inaeleweka vizuri zaidi kwa kipimo hiki. Februari 18, 2001, Fox ilikuwa ikionyesha Daytona 500 kwa mara ya kwanza chini ya mkataba mpya wa NASCAR. Michael Waltrip alikuwa akielekea kushinda mbio zake za kwanza baada ya kushindwa mara 462, na kaka yake Darrell alikuwa kwenye chumba cha watangazaji. Nyuma yake alikuwa Dale Earnhardt mdogo, na wa tatu baba yake, Dale Earnhardt mwenyewe, ambaye alifariki kwa ajali katika kona ya mwisho. Furaha ya Darrell kwa mdogo wake iligeuka wasiwasi mbele ya taifa zima, na Fox ilikuwa imeshaondoka hewani kabla kifo hicho hakijatangazwa rasmi. Wapo wanaohoji kama kituo kilipaswa kubaki. Kwa maoni yangu, ndiyo. Lakini kuna jambo la awali zaidi. Magari mawili yaliyokuwa mbele ya Earnhardt yalikuwa mali ya timu yake, na kwa mizunguko ile ya mwisho dereva aliyejulikana kwa kutompisha mtu alikuwa akilizuia kundi ili mwanawe na mwajiriwa wake washinde. Mtazamaji aliyeelezwa hayo alijua alichokuwa akikitazama.

Suala la Darrell linagusa jingine ninaloliona zito kuliko lugha au lafudhi za watangazaji, ambazo hujadiliwa kupita kiasi. Watu wanaoeleza mbio hizi ni watu wa ndani. Dale Earnhardt mdogo ni mmoja wa wamiliki wa JR Motorsports, timu iliyoingiza gari kwenye Daytona 500 ya mwaka 2025, na mwaka huo huo alikuwa mtangazaji. Sioni kosa katika hilo, kwa sababu ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwingine, na bila watu kama yeye au Steve Letarte, aliyekuwa fundi mkuu, maelezo ya matairi na mafuta yangekuwa ya kubahatisha. Kosa huanza pale ambapo hakuna hata mmoja ndani ya chumba aliyepewa jukumu la kuuliza. Oktoba 2024 timu za 23XI na Front Row ziliishtaki NASCAR mahakamani zikidai inaendesha biashara ya ukiritimba. Habari kama hiyo ilibadilisha maana ya kila gari la timu hizo lililoonekana kwenye picha, na watangazaji wanaoipita kimyakimya kwa sababu mwajiri wao ni mshirika wa kibiashara wa NASCAR wanamwacha mtazamaji nje ya mlango.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu ni la fedha, nalo halipaswi kudharauliwa. Mkataba ulioanza mwaka 2025, unaowahusisha Fox, NBC, Amazon na TNT hadi 2031, una thamani ya dola bilioni 7.7. Fedha hizo hurudishwa kwa matangazo ya biashara, na mahali pa kuyaweka, wanasema watetezi wa vituo, ni saa ya katikati. Nakubali kwamba biashara lazima ziwepo. Sikubali kwamba lazima zimfunike dereva anayekimbia. Mbio za IndyCar zilianza mwaka 2005 kuigawa skrini, biashara upande mmoja na magari upande mwingine, na TNT ilifanya jaribio la aina hiyo na NASCAR pale Daytona Julai 2007. Tena tangu mwaka 2017 mbio hizi zimegawanywa katika vipande, kila kipande kabla ya cha mwisho kikifungwa kwa bendera ya manjano, na moja ya faida zilizotajwa wazi ilikuwa kuwapa watangazaji nafasi za biashara ambazo hazikati mashindano. Mchezo umeshabadilisha kanuni zake ili kuisaidia runinga. Kituo kinachozitumia nafasi hizo zote, kisha kikakata tena katikati ya zamu ya kuingia kwa mafundi, kimechagua kufanya hivyo, na uchaguzi ni kitu kinachoweza kuhukumiwa.

Wengine watasema mtazamaji wa kawaida hataki darasa. Amechoka na wiki ya kazi, anataka kelele na kasi. Kwa kuamini hivyo, Fox wakati fulani ilimpa nafasi kwenye skrini Digger, mnyama wa katuni aliyewakilisha kamera ndogo iliyofukiwa kwenye lami, hadi akawa na vipindi vyake kabla ya mbio, na mashabiki wengi walimkataa. Msisimko hauji kwa kuongezewa mapambo. Unakuja pale mtu anapojua kwamba pengo la sekunde tisa linapungua kwa sekunde moja kila mzunguko na imebaki mizunguko kumi. Sentensi moja ya namna hiyo huchukua muda mfupi kuliko kelele inayoizima. Tazama watangazaji wetu wa kandanda redioni, waliomfanya msikilizaji wa kijijini aone uwanja asioweza kuuona: nguvu yao haikuwa sauti tu, ilikuwa kutaja kila wakati mpira uko wapi, kwa nani, na nani anamkaribia. Mwenye simu yenye takwimu zote na kifaa cha kusikiliza redio za timu atajisaidia mwenyewe, ni kweli. Utangazaji haukuwekwa kwa ajili yake peke yake.

Litakuja pia pingamizi la idadi ya watazamaji, kwamba kizuri chajiuza. Daytona 500 ya mwaka 2006 ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 19. Ya mwaka 2025 na watu wasiofika milioni saba. Hakuna mtu makini atakayedai kwamba kamera, michoro na sauti za 2025 ni duni kwa kiasi hicho. Idadi hutegemea kama kituo ni cha bure au cha kulipia, kama mvua imesogeza mbio hadi Jumatatu, kama kuna mchezo mwingine mkubwa saa hiyo hiyo, na namna nyumba nzima za Marekani zilivyoacha runinga ya waya. Ni kipimo cha wangapi walifika, na hakisemi walihudumiwaje. Kura anayoiendesha mwandishi Jeff Gluck kila wiki, akiwauliza mashabiki kama mbio zilikuwa nzuri, ni kitu cha thamani na nimekuwa nikiifuatilia kwa heshima, lakini nayo inapima mbio. Mbio mbaya zinaweza kutangazwa vizuri. Kiongozi akiwa mbele kwa sekunde kumi, bado kuna nafasi ya saba inayogombewa, kuna dereva anayejaribu kurudisha mzunguko alioupoteza, kuna anayepigania pointi za ubingwa. Mwongozaji anayezijua habari hizo hakosi la kuonyesha.

Msimu wa 2025 ulitoa nafasi ya ulinganisho ambayo mchezo huu ulikuwa haujawahi kuipata kwa uwazi kama huo. Adam Alexander, Dale Earnhardt mdogo na Letarte walitangaza mbio tano za Amazon Prime Video, kuanzia Charlotte mwezi Mei hadi Pocono mwezi Juni, kisha sauti hizo hizo tatu zikahamia TNT kwa mbio tano zilizofuata. Magari yalikuwa yale yale na madereva wale wale. Kilichobadilika ni kiti cha mwongozaji, mpangilio wa biashara, na muda uliotengwa baada ya bendera ya mwisho, ambapo Amazon iliwapa Danielle Trotta, Carl Edwards na Corey LaJoie kipindi kirefu cha kuzichambua mbio badala ya kukimbilia programu nyingine. Mpangilio wa vituo vinne utaendelea hadi 2031. Mhariri wa michezo anayetaka kuandika tathmini ya haki achague mbio moja ya kila kituo kwenye uwanja unaokula matairi, aanze kutazama baada ya kipande cha kwanza kwisha, na asimamishe picha katikati ya zamu ya kuingia kwa mafundi. Kisha aandike kwenye karatasi nani kwa kweli anaongoza, kwa sekunde ngapi, na kwa sababu gani, akitumia tu yale aliyoonyeshwa na kuelezwa na kituo husika.